Ukitaka kuanza stendapu, anza na neno la mwisho

Kila wiki kuna mtu ananifuata ananiambia mimi nikiwa na washkaji nawavunja mbavu, nataka kuingia kwenye stendapu, yaani kusimama stejini peke yangu nichekeshe watu, nianzie wapi, na mimi swali langu la kwanza huwa ni lile lile, umeandika nini? Wengi hawajaandika kitu. Sasa kijiweni wenzako wanakujua, wanamjua na huyo unayemsema, yaani nusu ya stori wanayo kichwani kabla hujafungua mdomo. Stejini wamekaa watu wasiokujua kabisa, kwa hiyo chochote wanachohitaji ili wacheke lazima wakipate kwako, tena wakipate haraka.

Joki ina setapu na panchi. Setapu inampeleka mtu njia fulani anayoijua, panchi inamgeuza ghafla. Angalia hii niliyokuwa naipika na kijana mmoja ninayemfundisha, mara ya kwanza aliileta hivi: "Kuna mjomba wangu namdai hela mwaka wa pili huu, juzi nimempigia akaniambia anatumia mitishamba, maana si mnajua wanasema dawa ya deni kulipa."

Kimya. Na wazo ni zuri kabisa! Shida ni kwamba watu wamesikia mitishamba kabla hawajajua ni dawa ya nini, alafu methali ikaja nyuma kama maelezo, na kicheko hakipendi kuelezwa. Tukaigeuza: "Wanasema dawa ya deni kulipa. Mjomba wangu namdai mwaka wa pili huu, kila nikimpigia ananiambia yeye bado yuko kwenye mitishamba." Maneno karibu ni yale yale, ila sasa mitishamba imekaa mwisho, na ikishatoka hapo unafunga mdomo. Ukiongeza hata "basi mimi nikashangaa sana" umewakanyagia watu kicheko chao.

Alafu usiikimbie joki iliyoshika. Setapu umeshailipia, sasa ongeza mkia: "Juzi kanitumia meseji, anasema dozi ya kwanza kamaliza, haoni mabadiliko." Hapo hujajenga kitu kipya ila watu wanacheka tena. Na dakika tatu baadaye, watu wameshamsahau mjomba, unasimulia bethidei yako, mjomba kaja na bahasha nene, umeifungua, ndani mizizi. Kurudisha kitu hivo kunafanya ukumbi mzima ujisikie una siri moja na wewe, mimi napenda sana hiyo kumalizia seti, yaani vichekesho vyote ulivyopanda navyo stejini.

Andika kila siku, hata kama ni mistari miwili kwenye simu. Phyllis Diller, mchekeshaji wa Marekani, alianza kupanda stejini mwaka 1955 kwenye klabu ya The Purple Onion kule San Francisco, ana miaka 37 na watoto wa kulea, na alikuwa anaandika vichekesho vyake kwenye kadi anazipanga kwa mada ndani ya kabati lenye droo. Mwaka 2003 alilikabidhi kabati hilo kwa makumbusho ya Smithsonian likiwa na kadi zaidi ya 50,000. Kwa hiyo anayeniambia umri umeenda, au kwamba yeye kipaji chake hakihitaji karatasi, huwa namtajia huyo mama.

Steji ya kuanzia ni openi maiki, unajiandikisha, unapewa dakika 3 mpaka 5. Ukipewa 5 wewe andaa 4, kwa sababu kicheko nacho kinakula muda. Wakicheka subiri, kikianza kushuka ndo unaingia na mstari unaofuata, sio kikiwa kimeisha kabisa. Sehemu nyingi kuna taa itakuwakia nyuma ya ukumbi, maana yake umebakiza kama dakika moja, maliza ulichokishika ushuke, kuzidisha muda ni kumwibia anayekufuata. Ukitoa maiki kwenye stendi, ile stendi isogeze nyuma yako, usiiache katikati yako na watu. Usikariri seti nzima kama shairi, utasikika unasoma, ila panchi ikariri neno kwa neno maana hiyo ukiikosea hakuna wa kukuokoa. Akitokea wa kudakia maneno, mjibu kifupi ukiweza, ukishindwa endelea na seti yako.

Na rekodi, kila mara, sauti tu inatosha. Nasisitiza hili kwa sababu kumbukumbu ya stejini inadanganya sana, moyo unaenda mbio unadhani walicheka sana au hawakucheka kabisa. Huyo kijana wa mjomba alishuka akaniambia mitishamba imegoma tena. Tukakaa tukasikiliza. Walicheka, tena vizuri, ila yeye alikuwa ameshaingia kwenye mkia kabla kicheko hakijafika juu, watu wakanyamaza ili wamsikie. Wiki iliyofuata maneno hatukugusa hata moja, alihesabu tu moyoni moja, mbili, ndo akataja ile dozi ya kwanza.