Cha 37 kati ya 3,000: namba haijakipandisha bei kisu chako

Wiki hii peke yake nimetumiwa picha nne za namba. Mtu anasogeza simu mpaka zinaonekana tarakimu tu zilizochorwa kwenye bapa, kisha anauliza: "Hiki ni cha 37 kati ya 3,000, nikiuze kwa ngapi?" Sijui kimetengenezwa na nani. Sijui mpini ni wa mfupa au wa plastiki, wala kama springi bado inavuta au imelegea. Nanunua, natengeneza na kuuza visu vya kukunja hapa Pennsylvania, na sijaona imani inayowala watu fedha zao kama hii, kwamba kisu chenye namba ya toleo ni mali.

Namba inakwambia vilitengenezwa vingapi. Vinatakiwa na wangapi, hilo haisemi. Visu 3,000 vikiwa na wanunuzi 200, vimejaa sokoni hata kama kila kimoja kina namba yake na cheti chake.

Na tuelewane vimejaaje. Marekani ilipotimiza miaka 200 mwaka 1976, watengenezaji wengi walitoa visu vya kumbukumbu: namba kwenye bapa, boksi lenye mahameli ndani, karatasi yenye muhuri. Biashara hiyo iliendelea miaka ya 1980. Watu walivinunua kama akiba ya watoto, wakaviweka kabatini. Hakuna aliyekata navyo hata kamba. Kwa hiyo karibu vyote bado vipo, vipya kabisa, na kila mzee anapofariki vinarudi sokoni kwa mafungu.

Kisu cha kazi kilikuwa na maisha mengine. Mkulima alikinoa kila wiki mpaka bapa likabaki nusu, likavunjika ncha, mwishowe kikadondoka shambani. Kati ya maelfu vilivyotoka kiwandani, vilivyobaki vizima ni vichache kweli, na hivyo ndivyo vinavyogombewa. Vilikuwa adimu kwa sababu vilitumika vikaisha. Kiwanda hakikuahidi lolote.

Mwaka jana alikuja mama mmoja mjane na visu viwili vya marehemu mumewe. Cha kwanza kilikuwa cha kumbukumbu, namba 412, ndani ya boksi lake. Mume alikilipia dola 120 mwaka 1981. Mimi sikuweza kumpa hata 50, maana ninavyo vitatu vya toleo hilohilo na haviondoki. Cha pili alikitoa kwenye mfuko wa nailoni, akasema nikichukue bure kama nyongeza. Nikakifungua. Bapa lilikuwa karibu upana wake wote, springi ikalia "ta!" lilipofika mwisho. Mpini ulikuwa wa mfupa wa kijani, umekolea kuwa kahawia pale kidole gumba kilipozoea kukaa. Kwenye shina la bapa, kile kipande cha chuma kinachoingia mpinini, paliandikwa CASE TESTED XX. Muhuri huo kampuni ya Case iliutumia kati ya 1920 na 1940. Namba ya toleo hakina. Nilimlipa mara kadhaa ya bei ya kile cha kwanza, na nilimwomba asimpe tena mtu kitu bure kabla hakijaangaliwa.

Wengine wanashikilia kwamba namba ndogo ina bei kuliko namba kubwa. Nadhani wameitoa kwenye picha za kuchapwa, ambako nakala za mwanzo zinaweza kutoka safi kabla bamba halijachakaa. Kisu hakichapwi. Namba mara nyingi huchorwa kikiwa kimeshakamilika, kwa hiyo cha 37 huenda kilitengenezwa baada ya cha 900. Namba 1 ina watu wake, nakubali. Kati ya 37 na 412, usiniongezee hata senti.

Halafu kuna namba ambazo si za toleo kabisa. Kijana mmoja wa Mombasa anayeishi Ohio alinipigia kwa furaha: "Kaka, nimepata Case namba 6254!" Hiyo ni namba ya muundo. 6 ni mpini wa mfupa uliochongwa mistari, au plastiki ya kuuiga. 2 ni idadi ya mabapa. 54 ni umbo, lile linaloitwa Trapper. Kilichokuwa na maana kwenye kisu chake ni nukta ndogo chini ya jina, ambazo hakuziona. Mwaka 1970 Case waliweka nukta kumi, wakawa wanapunguza moja kila mwaka mpaka 1979. Chake kilikuwa na saba: cha 1973. Na Opinel Nº 8 ya Ufaransa si kisu cha nane kutengenezwa! Ni saizi tu, bapa la sentimita 8.5. Joseph Opinel aliviorodhesha 1 hadi 12 mwaka 1897. Ya 1 na ya 11 ziliachwa mwaka 1935.

Namba hubeba uzito palipo na seti. Vyama vya wakusanyaji hutoa kisu kila mwaka, na mwanachama akishika namba ileile miaka kumi mfululizo, seti hiyo hulipiwa zaidi ya visu kumi vyenye namba mchanganyiko. Namba ya bapa, ya boksi na ya cheti nazo lazima zilingane. Nasisitiza kwa sababu mashine ya leza ya bei nafuu inaandika namba yoyote unayotaka kwa dakika moja.

Mkitaka kulinda bei, acheni kupeleka visu kwenye mashine ya kung'arisha! Inakula chuma, inafuta muhuri, na muhuri ukifutika hakuna wa kuurudisha. Futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, basi. Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, ngozi inatia kutu. Na kama una kisu cha zamani chenye mpini wa seluloidi, ile plastiki ya zamani, kitoe leo kwenye boksi lenye vingine: seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke unaokula chuma cha majirani zake. Nimefungua droo ya mteja nikakuta visu kumi na viwili vimeliwa na kimoja.