Besiboli: mrushaji akihamia kushoto hajatoka mchezoni

Kocha katoka benchini mbio tena, kidole juu: "Refa, yule si ulishamtoa? Anarudije kilimani?" Anamsema mrushaji, yule anayesimama kilimani, kituta cha uwanjani, na kumrushia mpigaji mpira. Mara ya tatu mwezi huu. Kocha, hakuna aliyemtoa. Alikuwa pale kushoto uwanja wa nje, glavu mkononi, anakanyagakanyaga nyasi kwa uchoshi.

Aliyetoka ni mlinzi wa kushoto. Mrushaji mpya kaingia badala ya huyo, wa zamani kachukua nafasi aliyoiacha. Mlinzi yule harudi ng'o. Mrushaji bado yumo kwenye orodha ya kupiga, kwa hiyo anaweza kurudi kilimani.

Kama mlikuwa na mpigaji mteule, yule anayepiga badala ya mrushaji bila kulinda, hesabuni kwamba mmempoteza: mrushaji akishuka kilimani kwenda kulinda, nafasi ya mteule inakufa mpaka mwisho wa mchezo. Makocha hulisahau hili, halafu wananinunia mimi.

Sasa ile kanuni ya mrushaji, "mara moja tu kwa iningi", yaani kwa kipindi kimoja cha mchezo, ambacho kila timu hupata zamu moja ya kupiga. Mara moja nini? Hapo ndipo watu hunitoa jasho. Kinachohesabiwa ni kuhamia nafasi nyingine, si kurudi. Kilimani, kushoto, kilimani: halali. Akitaka kwenda tena kushoto katika iningi hiyohiyo, namzuia. Iningi ikiisha, hesabu inaanza upya.

Tarehe 22 Julai 1986, Mets, timu ya New York, wakicheza Cincinnati, ngumi zilipigwa, wachezaji wakafukuzwa, benchi likakauka. Jesse Orosco, mashoto, na Roger McDowell, wa mkono wa kulia, wote warushaji, wakawa wanapokezana kilima na uwanja wa nje kulingana na mkono wa mpigaji. Gary Carter, mdakaji wa nyuma ya mpigaji, akapelekwa kulinda besi ya tatu! Mets walishinda 6-3 katika iningi 14. Leo ujanja huo umebanwa kwenye ligi kuu ya Marekani: tangu 2020 mrushaji lazima akabili wapigaji watatu, labda iningi iishe au aumie. Kumleta mashoto kwa mpigaji mmoja katikati ya iningi, basi tena.

Kuna kitu kimoja kinanikera, na sitajifanya mjuzi. Mrushaji kahamia kulia, kocha anataka kumvusha kushoto kabla iningi haijaisha. Hajarudi kilimani hata kidogo. Je, hiyo ni nafasi ya pili? Nikifuata maneno yalivyo, ndiyo, nakataa. Nikifikiria sababu ya kanuni, ambayo naona ni kuzuia kupoteza muda, simwoni anayechelewesha chochote. Nimewahi kukataa. Kwenye karatasi yangu niliandika kwa penseli.