Dawa ya mzio si dawa ya safari: dhana potofu kuhusu kusafiri peke yako na watoto kwa ndege

Kila msimu wa likizo unapokaribia, kliniki ya watoto hujaa wazazi wanaojiandaa kwa safari ndefu za ndege, na wengi wao ni mama au baba atakayesafiri bila mwenzake, mtoto mmoja akiwa kifuani na mwingine ameshikwa mkono. Maswali wanayoniuliza ni ya haki kabisa. Kinachonichosha ni majibu ambayo tayari wamekwisha kupewa na jamaa na marafiki kabla ya kufika kwangu, na moja kati ya hayo nimelisikia mara nyingi mno hata siku hizi ninalikataa kabla mzazi hajamaliza sentensi.

“Mpe dawa kidogo ya mzio, atalala mpaka mfike”

Hoja yenyewe huletwa hivi: dawa inauzwa bila cheti cha daktari, mtoto wa fulani alipewa akalala safari nzima, kwa hiyo haina madhara. Nikiomba nionyeshwe kipimo kinachokusudiwa, aghalabu mkoba hufunguliwa, ikatolewa chupa ya sirapu pamoja na kijiko cha jikoni. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu “kidogo” si kipimo. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake na kwa bomba au kikombe chenye alama, ilhali vijiko vya jikoni havilingani ujazo. Isitoshe, sirapu nyingi za mafua na kikohozi zina dawa ya mzio ndani yake, na mzazi anayempa mtoto dawa ya mafua asubuhi na ya “usingizi” jioni huenda amempa dawa ile ile mara mbili bila kujua.

Dawa za mzio za kizazi cha kwanza, kama difenhidramini na prometazini, huleta usingizi kama athari ya pembeni, na athari hiyo haitabiriki kwa watoto wadogo. Baadhi yao hupatwa na kinyume chake: badala ya kusinzia, huchangamka kupita kiasi, hukasirika, moyo hudunda mbio, na hali hiyo haitulii mpaka dawa iishe nguvu mwilini. Mzazi aliyetaka kukwepa kilio cha nusu saa hujikuta na saa kadhaa za mtoto asiyebembelezeka, tena hana mtu wa kumpokea hata aende kunawa uso. Wapo wanaoniambia kwa kujiamini kwamba wamekwisha kuijaribu dawa hiyo nyumbani. Jaribio hilo halionyeshi lolote kuhusu hatari ninayoihofia zaidi, ambayo ni kupumua.

Hewa iliyomo ndani ya ndege hushinikizwa, lakini si kwa kiwango cha usawa wa bahari. Shinikizo lake huweza kuwa sawa na la mahali palipoinuka hadi mita 2,400, na oksijeni ambayo abiria huipata kwa kila pumzi ni kama ya hewa yenye asilimia 15 ya oksijeni badala ya 21. Mtoto mwenye afya njema huvumilia hali hiyo bila shida, kwa kuwa mwili wake hujirekebisha, mapafu na moyo vikiongeza kazi kidogo. Dawa inayolegeza ubongo huweza kudhoofisha uwezo huo wa kujirekebisha. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliweka mwaka 2004 onyo lake zito kabisa kwenye prometazini, kwamba isitolewe kwa mtoto aliye chini ya miaka 2 kwa sababu inaweza kudidimiza upumuaji hadi kusababisha kifo. Mtoto huyo aliyekunywa sirapu sasa umwongezee pua iliyoziba kwa mafua, kichwa kilichoinamia kifuani kwenye kiti kilichosimama wima, taa zilizozimwa, na mtu mzima pekee anayemwangalia akiwa naye amepitiwa na usingizi. Nani atagundua kwamba pumzi zimekuwa chache?

Kuna jambo jingine ambalo wazazi huwa hawajaliwaza hata kidogo. Ndege ya abiria haipewi kibali mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango ya dharura haitumiki. Mtoto wa miaka 4 aliye macho hushika nguo yako akatembea. Aliyeleweshwa kwa dawa ni mzigo wa kilo 16 usioamka, nawe mikono yako tayari imembeba mdogo wake.

Kwa maoni yangu, mara nyingi dawa hiyo haitolewi kwa ajili ya mtoto. Hutolewa kwa ajili ya abiria wa kiti cha jirani, ambaye mzazi anamwogopa hata kabla ya kumwona. Mtoto kulia ndani ya ndege si kosa wala si ugonjwa, na abiria mzima anayekerwa na kilio anaweza kuziba masikio yake mwenyewe. Mwenye mzio wa kweli aendelee kupewa dawa yake kama alivyoandikiwa; mwenye kutapika safarini aletwe kwa daktari mapema, si usiku wa kuamkia safari. Melatonini nayo, homoni ya kuleta usingizi ambayo sasa imekuwa ndiyo swali linalofuata nikikataa dawa ya mzio, si pipi, na kwa mtoto mdogo haipaswi kutolewa bila ushauri wa daktari anayemfahamu.

Yanayosaidia ni mambo ya kawaida mno hata wazazi huyadharau. Chagua, kama nauli inaruhusu, ndege inayoondoka karibu na saa ambayo mtoto hulala. Mbadilishe nguo za kulalia kabla ya kupanda, umpe maziwa yake na kitambaa chake alichozoea, na ufuate mpangilio ule ule wa kila usiku, kwani mtoto hulala kwa mazoea. Vitu vya kuchezea vifungwe kimoja kimoja na vitolewe kwa kupokezana. Anayevipata vyote kwa mpigo huvichoka vyote kabla ndege haijaacha ardhi. Wewe nawe usinywe pombe wala kidonge cha usingizi, kwa sababu katika safari hii zamu zote ni zako.

“Nikimpakata na kumkumbatia vizuri, yuko salama”

Mashirika ya ndege huruhusu mtoto aliye chini ya miaka 2 kupakatwa, na ruhusa hiyo hueleweka vibaya kuwa ni uthibitisho wa usalama. Hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto katika msukosuko mkali wa hewa. Ndege aina ya DC-10 ilipoanguka ikijaribu kutua kwa dharura Sioux City, Marekani, tarehe 19 Julai 1989, ndani yake mlikuwamo watoto wanne wa kupakatwa. Wazazi waliagizwa wawaweke sakafuni kabla ya kishindo, na mmoja wa watoto hao alifariki. Tangu mwaka 1990 bodi ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo imekuwa ikipendekeza kila mtoto awe na kiti na kifungo chake, bila sheria kubadilika. Mkanda mdogo unaounganishwa na wa mzazi, ambao hutumika katika ndege za Ulaya, unakatazwa katika ndege za Marekani, kwa hofu kwamba mwili wa mzazi unaweza kumkandamiza mtoto anaporushwa mbele.

Anayeweza kulipia kiti, alipie, na achukue kiti cha mtoto cha gari chenye alama ya kuidhinishwa kwa ndege, baada ya kuliuliza shirika kama vipimo vyake vinakubalika. Anayesafiri na watoto wawili walio chini ya miaka 2 hana hiari, kwani kwa kawaida mtu mzima mmoja huruhusiwa kumpakata mmoja tu. Mtoto atakayetimiza miaka 2 mkiwa ugenini atahitaji kiti wakati wa kurudi, hata kama alikwenda akiwa mapajani. Kitanda kidogo kinachofungwa ukutani ni msaada mzuri, lakini kuomba si kuhakikishiwa, kina kikomo cha uzito, na mtoto hutolewa humo kila taa ya mikanda inapowaka, hata kama ndiyo kwanza amelala.

“Mnyonyeshe ndege inapopaa, masikio hayatauma”

Wakati wenye maumivu zaidi ni wa kushuka. Ndege inapopanda, hewa ya sikio la kati hutoka kwa urahisi. Inaposhuka hulazimika kuingia kupitia mrija mwembamba wa kuelekea kooni, ambao kwa mtoto huziba upesi, hasa akiwa na mafua. Mzazi aliyemaliza chupa yote kwenye kupaa hubaki mikono mitupu pale inapohitajika. Kushuka huanza takriban nusu saa kabla ya kutua, kwa hiyo weka akiba ya ziwa, chupa au chuchu ya bandia kwa muda huo. Akilia, pia anayafungua masikio yake.

“Barakoa ya oksijeni, mtoto kwanza”

Mapenzi ya mzazi yanaeleweka, lakini mwili haujali mapenzi. Shinikizo likipotea ndege ikiwa kwenye futi 35,000, mtu mzima ana kati ya sekunde 30 na 60 za kuwa na akili timamu. Mzazi anayehangaika na mtoto anayegoma kuvaa barakoa huzimaliza sekunde hizo, akapoteza fahamu, na hakuna mwenzi wa kuendeleza kazi. Vaa yako kwanza.

Mengine ya haraka

Maziwa ya mtoto hayatupwi kwenye ukaguzi kwa sababu tu yamezidi mililita 100. Marekani na Ulaya maziwa ya mama, ya unga yaliyokwisha kukorogwa na chakula cha mtoto vimesamehewa sheria hiyo ya vimiminika, kwa kiasi cha mahitaji ya safari. Vitangaze mwenyewe na utarajie vikaguliwe kando.

Wahudumu wa ndege si walezi. Wengi wana huruma, lakini wakati wa kupaa na kutua nao wamefungwa mikanda. Ukihitaji kwenda msalani, mdogo aingie nawe kwenye mbeleko, na usiulize kama choo kina meza ya kubadilishia nepi baada ya nepi kuvuja. Uliza mara unapoketi.

Kuitwa kupanda mwanzo si lazima kukubali. Nionavyo mimi, mtoto anayejua kutembea ni afadhali akimbie kwenye ukumbi wa kuondokea mpaka karibu na mwisho, kuliko kufungwa kitini dakika arobaini zaidi.

La mwisho halihusu tiba, lakini limerudisha watu nyumbani. Pasipoti na viza ya mtoto huenda visitoshe kwa mzazi anayesafiri peke yake. Maofisa wa mipakani huchunga watoto wasichukuliwe na mzazi mmoja bila ridhaa ya mwingine, jambo ambalo lina hata mkataba wake wa kimataifa, ule wa Hague wa mwaka 1980, na nchi kama Kanada na Marekani hushauri mzazi awe na barua ya idhini iliyoshuhudiwa na mwanasheria. Uliza ubalozi wa nchi unayokwenda na ya kila mnakobadilishia ndege. Barua itaje tarehe za safari na namba ya simu ya mzazi aliyebaki, iambatane na cheti cha kuzaliwa, hasa kama jina lako la ukoo halifanani na la mtoto. Mzazi mwenzako akiwa amefariki, au kama una haki ya pekee ya malezi, beba cheti cha kifo au amri ya mahakama. Nyaraka hizo zikae kwenye mkoba wa mkononi, si ndani ya sanduku ulilokwisha kulikabidhi kaunta.