Kukoli si kuogopa

Kwenye vijiwe vya karata mjini Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, poka ikichezwa hukosi kusikia: "Nakoli kumi zako, halafu nareizi ishirini." Tuelewane basi. Kukoli ni kulipa dau lilelile aliloweka mwenzako, si zaidi. Kureizi ni kulipa na kulipandisha. Kama hakuna aliyeweka dau, hakuna cha kukoli, hapo unacheki, yaani unapitisha zamu bila kuweka kitu.

Sentensi ile ina kasoro kubwa kuliko inavyosikika. Kwenye poka kauli inafunga: ukishatamka "nakoli" umekoli, na ya "halafu" hayahesabiki. Bila sheria hiyo mtu angesema anakoli, amwangalie mwenzake usoni, akiona amenyong'onyea ndipo aongeze. Kusukuma visoda kumi, kisha kurudi kwenye fungu lako kuchukua vingine, ni kosa hilohilo. (Visoda, ndiyo. Ukiweka fedha mezani unaingia kwenye mambo ya leseni na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.) Anayetaka kureizi aseme hivyo kwanza na ataje kiasi, au asukume vyote kwa mkupuo mmoja. Tena dau la kwanza likiwa 10, unareizi kufika 20 au zaidi, 12 haikubaliki.

Lakini kinachokera zaidi ni maneno ya watazamaji: "Kakoli huyo, kaogopa!" Kureizi kuna sababu mbili tu za maana. Ya kwanza, wenye karata dhaifu kuliko zako wakulipe. Ya pili, wenye nzuri kuliko zako wazitupe. Kama hakuna hata moja inayoelekea kutokea, unareizi kwa faida ya nani?

Chukua poka ya Texas Hold'em, ambayo kila mtu ana karata mbili mkononi na tano za mezani ni za wote. Zote tano zimeshafunguliwa na tatu kati yake ni shupaza. Wewe huna shupaza, una jozi ya kingi. Mzigo wa katikati, yaani madau yote yaliyokwisha kuwekwa, ni visoda 20, mwenzako anaweka 10. Ukireizi, mwenye jozi ndogo anatupa, aliyekuwa anapiga mkwara anatupa, anayebaki kukulipa ni mwenye shupaza tano, ambazo zinaishinda jozi yako. Umewafukuza wote uliokuwa unawashinda. Ukikoli, unalipa 10 kwenye mzigo utakaofika 40, kwa hiyo inatosha uwe umeshinda mara moja katika kila nne.

Hesabu hiyohiyo inatumika unaposubiri karata ya kukukamilishia, tuseme, kopa tano. Una kopa mbili mkononi, mezani zimefunguliwa nne, mbili ni kopa, imebaki moja. Karata usizoziona ni 46, na kopa zilizosalia ni 9: karibu asilimia 20. Mzigo ukiwa 20 na dau 5, unahitaji asilimia 17 hivi, koli bila wasiwasi. Dau likiwa 10 unahitaji 25, bei imezidi. Hapo ukoli tu ikiwa kopa yako ikitokea utamkamua visoda 12 hivi vya ziada, maana yake awe navyo na awe mtu wa kulipa. Kama kabakiza vitano, tupa.

Kuna wanaosema kwenye hali hiyo bora kureizi, huenda akakimbia. Ni kweli akiwa mtu wa kukimbia. Akiwa king'ang'anizi, ukareizi hadi 30 naye akapandisha hadi 80, ile karata uliyokuwa unaweza kuiona kwa 10 sasa inakutaka uongeze 50. Ukitupa, thelathini zako zimebaki mezani na kopa hukuiona.

Angalia pia waliobaki nyuma yako. Ukikoli ukiwa wa mwisho kuamua, dau limefungwa na bei yako unaijua. Kama bado watu wawili hawajaamua, yeyote kati yao anaweza kureizi, na hesabu yako ya 10 ikawa ya 40.

Kwa hiyo mtu akikoli akiwa na jozi ya kingi, kabla ya kumcheka mwulize mzigo ulikuwa visoda vingapi, na ni nani angemlipa kama angepandisha.