Ukaguzi wa Mhandisi wa Miundo Kabla ya Kununua Nyumba

Mnunuzi wa nyumba huangalia vyumba, mabomba na umeme, kisha hufuatilia hati ya umiliki, lakini mara nyingi hakagui vile vinavyoibeba nyumba yenyewe: msingi, kuta, nguzo, boriti na kenchi. Kasoro za sehemu hizo ni ghali kurekebisha, na plasta na rangi haziziondoi bali huzifunika tu. Ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya katika chumba chenye rangi kuukuu unastahili kuulizwa.

Ufa ni dalili, na mhandisi hutafuta chanzo chake. Nyufa nyembamba kama unywele, zisizofika milimita 1, kwa kawaida hutokana na plasta kunywea ilipokuwa ikikauka, na hazipaswi kumtisha mtu. Lakini ufa unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha, au unaofuata viungo vya matofali kama ngazi, ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, huashiria kwamba sehemu moja ya msingi imetitia kuliko nyingine. Ukizidi milimita 5, usilipe chochote kabla haujachunguzwa. Jambo kubwa ni kujua kama mwendo huo umekoma: nyumba iliyotitia zamani ikatulia huenda ikafaa kununuliwa, ilhali ufa mdogo unaozidi kupanuka ni wa kuogopwa zaidi. Kwa kuwa udongo wa mfinyanzi huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, huenda mhandisi akahitaji kubandika kipimo juu ya ufa na kukisoma kwa miezi kadhaa.

Katika zege, adui ni maji. Nondo ikishika kutu, kutu hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo huipasua zege kutoka ndani. Madoa ya kahawia na vipande vinavyobanduka chini ya slabu ndizo dalili zake.

Binafsi, nyumba zilizobadilishwa hunitia shaka kuliko zenye nyufa. Ghorofa iliyoongezwa juu ya msingi uliokadiriwa kubeba nyumba ya chini, au ukuta unaobeba mzigo uliobomolewa ili kupanua sebule, huweza kukaa kimya kwa miaka. Omba michoro ya awali na vibali vya mabadiliko. Visipopatikana, mweleze mhandisi mapema.

Mhandisi huyo awe amesajiliwa, na alipwe na mnunuzi wala si muuzaji au dalali. Aitwe kabla ya malipo ya awali, au mkataba uandikwe kwa sharti kwamba fedha zitarudishwa matokeo yakiwa mabaya. Ripoti yake itaje pia sehemu ambazo hakuweza kuziona, kwa mfano msingi uliofukiwa au kenchi zilizozibwa na dari. Ikisema tu kwamba nyumba ni imara bila kutaja mipaka hiyo, irudishwe kwake aikamilishe.