Joto lile lile, vifo tofauti

Julai 1995 jiji la Chicago, Marekani, lilipigwa na wimbi la joto. Tarehe 13 kipimo kilifika nyuzi 41 za Selsiasi, na usiku haukuleta nafuu. Hesabu zilipofungwa, jiji lilikuwa limepoteza watu zaidi ya 700 kupita idadi ya kawaida ya kipindi kile. Wengi walikuwa wazee, na wengi walikutwa peke yao, wamejifungia ndani.

Sisi wa epidemiolojia, tunaochunguza jinsi magonjwa na vifo vinavyotokea katika jamii, tunairudia habari hii kwa sababu ya mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale, ambao wenyeji wanauita Little Village. Jua lilikuwa lile lile. Idadi ya wazee maskini wanaoishi peke yao ilikaribiana. Kwa vigezo tulivyozoea, ungetabiri vifo vilingane. Kumbe North Lawndale walikufa watu 19, na Little Village 3. Ukizingatia idadi ya wakazi, ni kama vifo 40 kwa kila watu 100,000 upande mmoja, na 4 upande wa pili.

Siri ilikuwa barabarani. Little Village ilikuwa na maduka yaliyofunguliwa, watu wengi njiani na biashara kila kona. Mzee alikuwa na sababu ya kutoka, na akitoka alikuta pa kuingia apoe kidogo. Asipoonekana, kuna atakayeuliza. North Lawndale ilikuwa imepoteza viwanda, kisha maduka, kisha wakazi wengi. Yakabaki magofu na viwanja vitupu. Mzee wa pale aliogopa kutoka, aliogopa hata kuacha dirisha wazi. Uchunguzi wa vifo vya jiji zima ulionyesha jambo la aina hiyo: kuishi peke yako na kutotoka nje kila siku kuliongeza hatari, kuwa na kiyoyozi, usafiri au marafiki kuliipunguza.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kipi kina uzito zaidi kwa afya ya jamii, mazingira ya nyumba, maji na hewa, au mazingira ya watu na mahusiano yao, swali lenyewe silikubali. Duka likifungwa, mtaa unapoteza bidhaa na pia unapoteza mahali watu wanapojuliana hali. Mwili unavipokea vyote viwili kwa pamoja.

Chukua kitu kidogo kabisa: sakafu. Mtoto anayetambaa juu ya udongo anatia mkono chini, kisha mdomoni, mara nyingi kuliko mama yake anavyoweza kuhesabu. Udongo wenye unyevu unahifadhi mayai ya minyoo kwa miezi mingi, na viluwiluwi vya minyoo ya safura havihitaji hata mdomo, vinapenya ngozi. Minyoo ikishaingia, inanyonya damu na chakula. Mtoto anahara, anapungukiwa damu, anazubaa darasani. Unampa dawa, anapona, kesho anarudi pale pale chini. Ukimpima mtoto huyo kliniki, utaandika jina la ugonjwa. Sakafu haina kisanduku chake kwenye fomu.

Mwaka 2000 jimbo la Coahuila nchini Meksiko lilianza kuwapa watu saruji bure, ya kutosha hadi mita 50 za mraba kwa kila nyumba, kwenye mradi ulioitwa Piso Firme. Watafiti walipata bahati ya ramani: mji wa Torreón uko Coahuila, ila majirani zake Gómez Palacio na Lerdo wako jimbo la Durango, ambako mradi haukuwepo. Watu wa aina moja, mpaka wa kiserikali katikati. Pale sakafu yote ya udongo ilipobadilishwa kuwa ya saruji, maambukizi ya vimelea kwa watoto yalishuka kwa asilimia 78, kuhara kwa 49, upungufu wa damu kwa 81. Watoto walifanya vizuri zaidi hata kwenye vipimo vya lugha.

Kinachonivutia zaidi ni akina mama. Walioletewa saruji waliridhika zaidi na maisha yao, na dalili za sonona na msongo zilipungua. Hakuna aliyewapa ushauri nasaha. Walipewa zege tu.

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya umaskini, na kwamba mwenye mshahara wa uhakika ameshavuka. Uingereza walilipima hilo kwa watumishi wa serikali, kuanzia 1967, katika utafiti unaojulikana kama Whitehall. Wote walikuwa na ajira, na hakuna aliyelala njaa. Hata hivyo wanaume wa daraja la chini kabisa walikufa kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wale wa juu kabisa, na sigara, shinikizo la damu na kolesteroli vilieleza sehemu tu ya pengo hilo. Kila daraja liliposhuka, vifo viliongezeka, ngazi kwa ngazi. Utafiti uliofuata uligusa suala la uhuru kazini: mtu anayepangiwa kila kitu na asiye na sauti juu ya siku yake alikuwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo.

Basi tuwahamishe watu? Marekani walijaribu kuanzia 1994, katika miji mitano, kwa bahati nasibu. Familia zilizoishi kwenye nyumba za umma katika mitaa maskini zilipewa vocha za kupanga penye umaskini mdogo. Zaidi ya miaka 10 baadaye, kipato cha watu wazima kilikuwa karibu pale pale, lakini unene wa kupindukia na kisukari vilikuwa vimepungua kwa wanawake waliopewa nafasi hiyo. Kwa wasichana sonona ilipungua. Wavulana wakaenda kinyume: sonona na matatizo ya tabia yaliongezeka kwao. Maelezo ya sababu yanabishaniwa hadi leo. Mimi naegemea kwa wanaosema kwamba mvulana aliyehamishwa alipoteza mengi ambayo vocha haiwezi kulipia, na kule alikokwenda alipokewa kwa jicho la mashaka.

Mipango ya makazi mapya ninayoombwa kuitolea maoni huwa na safu ya vyumba, safu ya mabomba na safu ya vyoo. Ninaomba iongezwe moja zaidi: nani anahama pamoja na nani.