Etheneti ya waya mmoja: mgongano ni nini, na umbali unahusikaje?

Etheneti, mfumo wa kuunganisha kompyuta katika mtandao, ilipobuniwa kwenye maabara ya utafiti ya Xerox PARC mwaka 1973, kompyuta zote zilining'inia kwenye waya mmoja, na hapakuwa na msimamizi wa kugawa zamu. Kila moja ilisikiliza kwanza. Waya ukiwa kimya, ilituma.

Kasoro ni kwamba ukimya wa hapa si ukimya wa kule. Ishara husafiri kwenye waya kwa kasi ya kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, lakini hata kasi hiyo hula muda. Ishara yako ikiwa bado njiani, kompyuta ya ncha ya pili nayo inasikia kimya, inaanza kutuma. Zinapokutana zinavurugana, na fremu (vifurushi vya data) zote mbili hazifai tena. Huo ndio mgongano. Wapo waliohangaika kila taa ya mgongano ilipowaka kwenye habu (kisanduku kinachounganisha kompyuta kana kwamba ziko kwenye waya mmoja), ilhali kwenye mtandao wa aina hii migongano kiasi ni jambo la kawaida kabisa.

Dawa yake ni kusikiliza huku unatuma. Kompyuta ikigundua vurugu hutuma biti 32 za kuwatahadharisha wengine, hunyamaza, kisha hupiga bahati nasibu ya muda wa kusubiri. Baada ya mgongano wa kwanza huchagua vipindi 0 au 1; baada ya wa pili, kati ya 0 na 3; uwanja unaongezeka maradufu hadi kufikia 1023. Ikishindwa mara 16, inaitupa fremu.

Hapa ndipo umbali unapoingia. Mtumaji hugundua mgongano akiwa bado anatuma tu. Chukua hali mbaya kuliko zote: ishara yako inakaribia ncha ya mbali, na mwenzako anaanza kutuma wakati huohuo. Habari za ajali zinapaswa kurudi waya mzima hadi kwako. Kama umeshamaliza kutuma, utadhani fremu imefika salama. Kwa hiyo fremu fupi kuliko zote lazima idumu muda wa kwenda na kurudi.

Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, muda huo uliwekwa kuwa wa biti 512, yaani mikrosekunde 51.2. Ndiyo sababu fremu ya Etheneti haipungui baiti 64. Data ikiwa chache, hujazwa baiti tupu. Na ndiyo sababu mtandao wa waya mnene uliishia mita 2,500: vipande vitano vya mita 500, vikiunganishwa na ripita nne, yaani vifaa vya kuipa ishara nguvu upya. Ukipiga hesabu, ishara yenyewe hutumia mikrosekunde 25 tu au pungufu kwenda na kurudi umbali huo. Sehemu kubwa ya iliyobaki huliwa na ripita na saketi nyingine njiani, basi kuongeza ripita ya tano si suala la kununua waya tu.

Kasi ilipopanda hadi megabiti 100, biti 512 zikawa mikrosekunde 5.12, na mtandao wa habu na waya wa shaba ukasinyaa hadi mita 205 hivi. Kwenye gigabiti ilibidi muda wa kutuma urefushwe hadi baiti 512. Kwenye gigabiti 10, waya wa kugombaniwa uliachwa kabisa.

Waya ukizidi kipimo, hutokea mgongano uliochelewa, yaani baada ya baiti 64 kupita. Kadi ya mtandao kwa kawaida hairudii fremu hiyo. Itifaki za juu, yaani kanuni za mawasiliano zinazofanya kazi juu ya Etheneti, ndizo hugundua pengo, na mtumiaji huona mtandao mzito tu. Siku hizi ukiona kaunta ya migongano iliyochelewa ikipanda, kagua kwanza kama ncha moja imewekwa kutuma na kupokea kwa pamoja na nyingine kwa zamu.

Zile mita 100 za kebo ya kawaida ya leo ni habari nyingine. Kwenye swichi, kifaa kilichochukua nafasi ya habu, kila kompyuta ina njia yake ya kwenda na ya kurudi, hakuna wa kugongana naye. Kinachoweka mpaka hapo ni ishara kudhoofika kwenye shaba. Nyaya za nyuzi za kioo, ambamo ishara hudhoofika kidogo zaidi, huvuka kilomita nyingi kwa Etheneti hiyohiyo.